Chupa Kwapani: Namna ya Kwenda Kula Collingswood na Mvinyo Wako Mwenyewe

Ijumaa jioni ukishuka kwenye treni ya PATCO pale Collingswood, New Jersey, tazama mikono ya wanaoshuka nawe. Huyu ana mfuko wa karatasi mrefu na mwembamba, yule kabeba kikapu ambacho kila akipiga hatua vioo vinagongana, mzee na mkewe kila mmoja amekumbatia chupa yake kama watu wanaopeleka mahari. Mara ya kwanza nilidhani mtaani kuna harusi. Hapakuwa na harusi. Walikuwa wanakwenda kula chakula cha jioni.

Collingswood ni mji mdogo wenye watu kama 14,000, ng'ambo ya Mto Delaware ukitokea Philadelphia, dakika kama 15 kwa treni. Waliofika hapo kwanza kutoka Ulaya, karne ya 17, walikuwa Wakweka, watu wa dhehebu lile lile ambalo Wakenya wa Kaimosi wanaliita Kanisa la Marafiki. Mpaka leo hakuna mgahawa mjini humo wenye leseni ya kuuza pombe. Lakini sheria ya New Jersey inaruhusu mteja aje na chupa yake kwenye mgahawa usio na leseni. Hapo ndipo mji usiouza hata glasi moja ya mvinyo mezani ulipogeuka kuwa mahali ambapo watu wa mjini Philadelphia wanavuka mto kuja kula.

Nakaa vituo vichache kutoka hapo, na ni miaka mingi sasa tangu nianze kwenda. Nimezaliwa Hombolo, Dodoma. Baba yangu alikuwa na ekari moja na nusu ya mizabibu, na sisi watoto tulijua msimu kwa mikono: mara mbili kwa mwaka vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa zabibu, kwa sababu Dodoma ni moja ya sehemu chache duniani ambako mzabibu unavunwa mara mbili. Kwa hiyo mvinyo kwangu haujawahi kuwa kitu cha wakubwa wa hotelini. Kilichonishinda nilipohamia Marekani kilikuwa bei yake mezani. Wenzangu wengi wa kutoka nyumbani wamekata tamaa na migahawa mizuri kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana nimeamua kuandika jinsi ninavyofanya.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua kama utatoka nyumbani. Mgahawa wenye leseni kwa kawaida huuza chupa kwa mara mbili hadi tatu ya bei ya dukani. Chupa ya dola 18 inakufikia mezani kwa 45 au 50, halafu kodi ya mauzo ya asilimia 6.625, halafu bakshishi juu yake. Ukija na yako, umetoa dola 18 na kodi yake dukani, basi. Mkiwa wanne na chupa mbili, tofauti inatosha kumlipia mtu wa tano chakula chake. Na usidhani mwenye mgahawa anapenda kuikosa faida hiyo. New Jersey inatoa leseni moja tu ya kuuzia pombe mezani kwa kila wakazi 3,000 wa mji, na pale zinaporuhusiwa zinauzwa kutoka mkono hadi mkono kwa mamia ya maelfu ya dola. Mpishi kijana hana fedha hizo. Anafungua mahali padogo pasipo na leseni, anaweka akili yake yote kwenye jiko, na wewe unamletea kinywaji. Ndiyo sababu chakula cha vijimgahawa hivi mara nyingi kinakipita cha majumba makubwa: hakuna faida ya pombe ya kukifichia chakula kibovu.

Sheria ujue mambo machache tu. Unaruhusiwa kuja na mvinyo au bia. Pombe kali hapana. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona ndugu zetu wakiingia na Konyagi ndani ya mkoba, na mhudumu maskini akabaki hajui aanzie wapi kuwaambia. Whisky hapana, brandi hapana, araki hapana hata kama chakula ni cha Kilebanoni. Anayekunywa awe ametimiza miaka 21. Mgahawa unaweza kukupa glasi na barafu, lakini New Jersey haiuruhusu kukutoza chochote kwa kufungua chupa. Niliwahi kula katika mji wa jirani, bili ikaja na dola 10 za "huduma ya chupa". Sikupandisha sauti. Nilimwita mhudumu pembeni, nikamwonyesha mstari ule, nikamuuliza kwa upole kama meneja anaweza kuuangalia. Ukafutwa. Ukivuka mto kuingia Pennsylvania, mambo ni mengine: huko migahawa inaweza kutoza, mingine hutoza na mingine haitozi, kwa hiyo uliza wakati unapiga simu kuweka nafasi.

Na simu lazima uipige. Migahawa hii ni midogo. Zeppoli, ambao nitausema sasa hivi, una viti kama 35 tu. Ijumaa na Jumamosi ukitokea mlangoni na chupa yako mkononi utarudi nayo. Mimi hupendelea Jumatano au Alhamisi: mpishi hajachoka, mhudumu ana muda wa kukueleza samaki wametoka wapi, na ukiuliza swali hakuna anayekuharakisha.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Watu wengi huanza na chupa. Wanasimama dukani, wanaona lebo nzuri au bei iliyopunguzwa, wanabeba, kisha wanakwenda kutafuta chakula. Anza na chakula. Fungua orodha ya vyakula ya mgahawa kabla hujatoka nyumbani, amua mtakula nini, halafu ndipo uchague chupa. Mgahawa wenye pishi la mvinyo hukufanyia kazi hiyo. Hapa hakuna wa kukufanyia, na hilo ndilo linalonifurahisha, kwa sababu unaingia umeshaufikiria mlo wa mwenzako kama unavyofikiria unapopika nyumbani kwako.

Zeppoli uko Collings Avenue. Mpishi wake, Joey Baldino, aliufungua mwaka 2011 na anapika chakula cha Sisilia. Hapa sisi watu wa pwani na bara la Afrika Mashariki hatuhisi ugeni: Waarabu walikitawala kisiwa kile karne ya 9 hadi ya 11, wakaacha ndimu, bilinganya na kuskusi. Wana tambi za ndimu na mchuzi wa samaki unaoliwa na kuskusi yenye zafarani, na mtu wa Tanga akiula mchuzi ule atanyamaza kidogo kwanza. Usiupelekee mvinyo mwekundu mzito. Peleka mweupe wa huko huko, Grillo, ambao una uchachu na harufu kama ya ganda la ndimu, au Carricante kutoka kwenye miteremko ya mlima Etna ukiwa na fedha kidogo za ziada. Kama mezani kuna anayekula sungura au nyama, Etna Rosso ni mwekundu mwepesi unaopita pote pawili. Kanuni hii ya kumwoza mvinyo kwa chakula cha kijiji chake haikosei mara nyingi. Watu walikula na kunywa pamoja kwa karne nyingi mpaka vikazoeana.

Ng'ambo ya mtaa huo huo kuna Li Beirut, wa Kilebanoni. Hapa huchagui sahani moja. Meza inajaa visahani: humusi, labne (mtindi mzito), bilinganya ya kuchoma, kibbe (madonge ya nyama na ngano), nyama ya kondoo. Chupa moja haiwezi kuvitumikia vyote sawa, na nilichelewa kukubali hilo. Mvinyo wa rangi ya waridi, yaani rosé, usio na utamu, ndio unaoweza kukaa na ndimu, kitunguu saumu na ufuta bila kugombana na chochote. Lebanoni yenyewe ina mvinyo wa zamani sana. Ksara, shamba lililoanzishwa na Wajesuiti bonde la Bekaa mwaka 1857, linauza waridi wake Marekani kwa bei ya kawaida. Mkiwa wengi ongezeni mwekundu mmoja kwa ajili ya kondoo.

Sagami ni wa Kijapani, uko barabara ya 130, na tangu 1974 unauza samaki wabichi katika nchi ambayo wakati huo wengi walikuwa hawajawahi kusikia neno sushi. Nenda kwa gari; kutembea kando ya barabara ile usiku sikushauri. Na kwa Sagami acha kabisa mvinyo mwekundu nyumbani. Ukakasi wake, ule unaokausha ulimi kama embe bichi, unapambana na samaki, na madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu mwingi yanaamsha ladha ya shombo hata kama samaki alikuwa msafi. Wajapani wenyewe wamelifanyia utafiti jambo hili. Mimi hupeleka Muscadet, mvinyo mweupe ambao unatoka pale mto Loire unapoingia baharini Ufaransa na una chumvi kwa mbali, au Riesling ya Ujerumani. Kwenye lebo ya Riesling tafuta neno trocken: maana yake haina utamu. Au peleka bia baridi ya Kijapani. Hakuna aibu katika bia.

Haddon Avenue ndiyo barabara kuu. Huko kuna Hearthside, ambao tangu 2017 unapikia kwenye moto wa kuni, na ukiingia tu harufu inakurudisha kwenye jiko la bibi. Nyama iliyoguswa na moshi inataka mvinyo wenye moshi wake. Hapo ndipo ninapopeleka Pinotage ya Afrika Kusini, mzabibu uliotokana na Pinot Noir na Cinsaut zilizochanganywa Stellenbosch mwaka 1925. Wajuzi wengi wa hapa wanaudharau, na kwa Pinotage mbovu hawakosei. Lakini ya mkulima makini, ya dola 18 au 20, mbele ya nyama ya kuni, nimeona watu wa meza ya jirani wakiinama kusoma lebo. June nao upo barabara hiyo hiyo, wa Kifaransa, ulihamia kutoka Philadelphia, na bata ndiye sifa yao. Kwa bata vitabu vitakuambia mwekundu wa Burgundy, Ufaransa. Burgundy nzuri ni fedha ya kodi ya nyumba. Chukua Beaujolais ya vijiji kama Morgon au Fleurie, robo ya bei, na hutajuta.

Chupa ununue kabla hujafika, kwa sababu mjini penyewe hakuna duka la pombe. Maduka makubwa yapo Cherry Hill na Pennsauken. Kama unatokea Philadelphia kumbuka kwamba Pennsylvania serikali yenyewe ndiyo inayouza mvinyo mwingi, tangu marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933, na ndani ya bei ya chupa kuna asilimia 18 ya kodi iliyoanzishwa 1936 kusaidia mji wa Johnstown uliokumbwa na mafuriko. Mafuriko yalikauka zamani. Kodi bado ipo. Mwambie muuza duka mambo matatu: utakula nini, mko wangapi, na fedha uliyo nayo. Taja kiasi bila kuona haya. Muuzaji mzuri akisikia "dola 17, samaki na kuskusi, watu watatu" anafurahi kuliko akisikia "nipe kitu kizuri". Chupa moja ya mililita 750 ina glasi tano za wastani. Kwa watu wawili inatosha na inabaki. Watu wanne chukueni mbili.

Halafu joto. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila watu kujua. Julai gari lililofungwa juani ndani yake hupita nyuzi 50, na saa chache za hali hiyo zinatosha kuupika mvinyo ukaonja kama zabibu kavu zilizochemshwa. Nunua, peleka nyumbani. Mweupe na waridi viweke frijini saa mbili au tatu. Mwekundu nao uweke, ndiyo, mwekundu: nusu saa tu. Waliosema mwekundu unywewe wa joto la chumbani walikuwa na nyumba za mawe Ulaya zenye nyuzi 17, si sebule ya New Jersey mwezi wa nane wala ya Dar es Salaam mwezi wowote. Wa kusafiri weka kwenye mfuko wa kutunzia baridi, ule wa kubebea chakula cha watoto unatosha. Ukifika wa joto bado kuna dawa: omba ndoo yenye barafu na maji pamoja. Barafu peke yake inagusa chupa hapa na pale. Maji ndiyo yanayoizunguka yote. Dakika 20 utaona tofauti.

Beba kizibuo chako. Wanavyo, lakini jioni yenye wateja wengi mhudumu mmoja anakitafuta kwa meza kumi. Changu ni cha dola nane, cha kukunja, na kina miaka mingi. Kama chupa ni ya zamani au kizibo kimekauka, mwachie mhudumu aifungue. Amefungua nyingi kuliko wewe.

Mezani, adabu yake ni ya mgeni. Wanakupa glasi zao, barafu yao, mtu wao wa kumimina, na hawapati hata senti kwenye chupa yako. Mimi nafanya mambo mawili. La kwanza, chupa ikiwa ina jambo la kusimulia, namwambia mhudumu na namwomba ampelekee mpishi kidogo kwenye glasi. Si lazima akubali, kazini wengine hawanywi, lakini hakuna aliyewahi kuchukia kuulizwa. La pili ni bakshishi. Wahudumu wa New Jersey wanalipwa na mwajiri chini sana ya kima cha chini cha kawaida, wanaishi kwa bakshishi, na bakshishi huhesabiwa kwa bili. Bili yako haina mvinyo. Kwa hiyo usihesabu asilimia 20 ya chakula ukaondoka. Ongeza dola tano au saba kwa kila chupa aliyoifungua na kuimimina. Umeokoa 30, usimnyime aliyefanya kazi.

Usikae mpaka saa tano na chupa ya tatu huku watu wanasubiri nje. Mgahawa wenye leseni ukikaa unanunua. Huu ukikaa unauzuia.

Na kama hunywi, njoo vilevile. Rafiki yangu wa Tanga ni Mwislamu mshika dini, na ndiye ninayekula naye mara nyingi. Anapenda migahawa hii kwa sababu hakuna anayemsukumia orodha ya pombe wala kumwangalia vibaya akiomba maji. Siku moja alipiga simu kuuliza kama anaweza kuja na juisi ya ukwaju aliyoitengeneza mwenyewe. Wakamwambia karibu, wakamletea glasi ndefu yenye barafu. Uliza kwanza lakini, maana soda na juisi ni kitu wanachouza wenyewe.

Kurudi: kama umekunywa, panda treni. Kiwango cha kilevi kwenye damu kinachomtia dereva hatiani ni asilimia 0.08, na mtu mdogo wa umbo kama mimi anakikaribia mapema kuliko anavyodhani. Chupa iliyobaki irudishie kizibo chake, na kama mwenzako asiyekunywa ndiye anayeendesha, iweke kwenye buti. Kuwa na chupa iliyofunguliwa kiti cha mbele au cha nyuma ni kosa hata kama dereva hajaonja tone.

Mwaka juzi nilipotoka likizo Dodoma nilibeba kwenye sanduku chupa moja ya Makutupora nyekundu, imefungwa ndani ya kitenge mara tatu. Forodha ya Marekani inakuruhusu lita moja bila kodi ukiwa umetimiza miaka 21. Niliitunza miezi miwili nikifikiria iliwe na nini, kisha nikaipeleka kwenye nyama ya kondoo Collings Avenue, jioni ya Alhamisi, mvua inanyesha. Ina ukali kidogo mwanzoni, halafu udongo wa kwetu unaingia. Mhudumu akasoma neno Tanzania kwenye lebo mara mbili. Nikamchorea ramani kwenye kitambaa cha karatasi: hapa bahari, hapa reli, hapa Hombolo. Akaenda nayo jikoni na glasi moja, na mpishi akatoka kunishika mkono.

Usiku ule nilimpigia baba, kwake ikiwa alfajiri. Nikamwambia Wamarekani wamekunywa zabibu za Dodoma wakazisifu. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali moja tu.

"Mlikula na nini?"